Kidole cha Bi. Sonobe

Tarehe 31 Machi, saa kumi na moja na robo jioni, Bi. Sonobe Chizuru, fundi wa vifaa tiba katika Chumba cha Moyo cha Hospitali ya Kazehara, anastaafu baada ya miaka thelathini na saba ya kazi. Mhariri wa jarida letu aliniomba niandike ukurasa mmoja, wenye uchangamfu, usio na malalamiko. Ukurasa nimeuzidisha. Uchangamfu nitajitahidi. Hilo la tatu tusidanganyane.

Mimi ni Kuramitsu Tomoe, muuguzi wa chumba hichohicho, na huu ni mwaka wangu wa ishirini na moja. Nilianza kuandika nikiwa nimekasirika, nikaenda kunywa chai ili nitulie, nikarudi nimekasirika zaidi. Sababu ni karatasi iliyobandikwa wiki iliyopita kwenye mlango wetu. Inasema kuwa kuanzia tarehe mosi Aprili, siku moja tu baada ya Bi. Sonobe kuondoka, Kanuni ya Saba ya Chumba cha Moyo imefutwa "kwa ajili ya ufanisi". Maua ya kumuagia na karatasi ya kumfutia kazi yake vililetwa na mtu yuleyule wa utawala, kwa kigari kimoja.

Kwa wenzetu wa jikoni, wa mapokezi na wa kufulia ambao hawana sababu ya kuingia kwetu, nieleze kidogo. Kuna wagonjwa ambao vyumba vya juu vya moyo wao huacha kupiga na kuanza kutetemeka tu. Mtu anachoka, anahema, damu yake inaweza kuganda ndani na kumpooza. Dawa zikishindwa, tunamlaza usingizi wa dakika chache, tunambandika mabamba mawili mwilini na kumpitishia umeme mara moja ili mapigo yarudi kwenye mstari. Ni kazi fupi. Wengi huamka wakiuliza tunaanza saa ngapi.

Ila wapo wenye betri ya moyo, kile kifaa kidogo kinachopandikizwa chini ya ngozi ya kifua ili kuukumbusha moyo kupiga. Umeme wetu ukipita karibu mno na betri hiyo unaweza kuivuruga, au kuunguza kidogo mahali waya wake unaposhikana na moyo, na moyo ukawa hausikii tena unapoitwa. Kwa hiyo bamba likae mbali na betri, betri ipimwe kabla, na ipimwe tena baada ya umeme, mtu akiwa bado kitandani. Hayo yote, pamoja na jambo moja nitakalolieleza baadaye, ndiyo Kanuni ya Saba. Imeandikwa kwa mkono wa Bi. Sonobe.

Alikuja kwetu akiwa na miaka ishirini na mitatu. Kwanza alipelekwa kwenye mashine za kusafishia damu, akazitunza miaka minane, kisha akahamishiwa Chumba cha Moyo baada ya mafundi wawili kuacha kazi mwezi mmoja. Hakuomba kuhama wala hakulalamika. Aliingia, akafungua kila kabati, akalifunga, akalielekezea kidole na kusema kwa sauti kwamba limefungwa. Wauguzi wa wakati huo walidhani amechanganyikiwa.

Kumbe hiyo ilikuwa tabia ya nyumbani. Baba yake alikuwa dereva wa treni ya mabehewa mawili ya pwani, na madereva wetu, kama mnavyowaona kila siku, hawaamini macho matupu. Taa ikiwa ya kijani, dereva huinyooshea kidole na kutamka kuwa ni ya kijani, hata kama yuko peke yake. Chizuru mdogo aliyaona hayo akiwa amekaa kiti cha nyuma ya baba, na akili yake ikakata shauri kwamba kitu ambacho hakijaonyeshwa na kutamkwa hakijaangaliwa. Akatuletea utaratibu huo chumbani. Kabla ya umeme, wote tuliokuwepo tulielekeza vidole: betri upande fulani, bamba mahali fulani, nguvu ya umeme kiasi fulani, hakuna anayegusa kitanda.

Madaktari walimcheka sana. Daktari mmoja kijana, mgeni, alimuuliza mbele ya watu wote, "Bi. Sonobe, hapa tunasubiri treni gani?"

Naye akajibu bila kupepesa macho, "Ya saa nne na nusu, Daktari. Abiria wetu amelala, hawezi kuuliza kama amepandishwa sawa."

Kicheko kiligeuka upande wa pili, na daktari yule akajifunza kunyoosha kidole kama sisi wengine. Baadaye tabia ile ilituingia mpaka nje ya kazi. Nimemwona Bi. Sonobe kwenye mkahawa wa ghorofa ya chini akilielekezea kidole bakuli lake la tambi na kutamka kuwa halina kamba wa baharini, maana kamba humwasha mwili. Nimejiona mwenyewe nikiunyooshea kidole mlango wa nyumba yangu asubuhi, jirani akinitazama. Bi. Sonobe hakuwa na mchezo kazini, lakini hakuwa na kisirani. Siku profesa mkubwa alipotutembelea na kuegemea kitanda wakati umeme uko tayari, alimnyooshea kidole na kutamka, "Profesa, anagusa." Profesa akaruka. Tulicheka wiki nzima.

Sasa nifike pale ambapo mhariri angependa nisifike.

Miaka kumi na tisa iliyopita, mwezi wa sita, aliletwa kwetu Mzee Hamatani Isokichi, seremala, wakati ule akiwa na miaka sitini na minne. Moyo wake ulikuwa ukitetemeka wiki ya tatu. Alikuwa na betri aliyowekewa Osaka alipokuwa akifanya kazi huko, na moyo wake uliitegemea kabisa; bila ile betri haukuwa na pigo la kuaminika. Watu karibu wote betri zao ziko kifuani upande wa kushoto. Ya Mzee Hamatani ilikuwa kulia, kwa sababu yeye hushika nyundo kwa mkono wa kushoto na madaktari wa kule hawakutaka kumharibia kazi. Hilo liliandikwa kwenye daftari lake la betri. Daftari lilikuwa kwenye sanduku la nguo zake, limefungwa kwa kitambaa vizuri kabisa.

Alilazwa, akafunikwa taulo la moto mpaka shingoni, kama tunavyowafunika wote ili mtu asilale kifua wazi mbele ya wageni. Bamba la kwanza hubandikwa juu kulia, chini ya mfupa wa mtulinga, na muuguzi huliingiza chini ya taulo kwa kupapasa. Bi. Sonobe akanyoosha kidole na kutamka, "Betri, kushoto." Nasi sote, vidole vitano kwa pamoja, tukaitikia kuwa ni kushoto, sawa. Mgonjwa alikuwa wa nne siku ile. Watatu waliotangulia walikuwa wa kushoto. Tuliimba tu, jamani. Tulielekezea taulo.

Daktari akabonyeza. Mapigo yakarudi kwenye mstari, tukaanza kutabasamu, kisha mstari kwenye skrini ukalala. Betri ilikuwa inaita, alama zake zinaonekana kabisa, moyo hauitiki. Daktari alisimama mikono juu, ameganda. Bi. Sonobe alivuta taulo, akaona bamba limekaa juu ya betri kama mfuniko juu ya sufuria. Kwa mkono mmoja akaiwasha mashine ya umeme ipigishe moyo kupitia mabamba yaleyale, kwa mkono mwingine akaweka mashine ya kusomea na kurekebishia betri juu yake, akaipandisha betri nguvu mpaka mwisho. Sekunde kumi na nne. Nilizihesabu, na bado huzihesabu. Kisha moyo ukasikia.

Mzee Hamatani aliamka akiwa na kiu. Jioni Bi. Sonobe alikwenda wodini akamweleza kila kitu, akainama mpaka paji la uso likakaribia kitanda. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akakuna kichwa.

"Mimi najua betri yangu iko wapi, mama," alisema. "Mngeniuliza ningewaonyesha."

Hilo ndilo jambo moja nililoahidi kulieleza. Bi. Sonobe alirudi nyumbani na maneno hayo, na kesho yake asubuhi akaandika Kanuni ya Saba. Kabla ya dawa ya usingizi, mgonjwa mwenyewe, kwa kidole chake mwenyewe, aonyeshe betri ilipo. Fundi aiguse ukingo wake, ngozi kwa ngozi, taulo likiwa limeondolewa. Wengine watamke baadaye. Kisha bamba likae mbali na ukingo huo kwa upana wa kiganja, na fundi asitoke chumbani mpaka aipime tena.

Kisha akaandika ripoti ya tukio. Palikuwa na nafasi ya kutaja wahusika wote. Akajaza jina moja, lake, na kuandika: "Mimi ndiye niliyetamka, wengine walinifuata." Mwaka uliofuata cheo cha mkuu wa mafundi, ambacho kila mtu alijua ni chake, kilikwenda kwa kijana aliyefundishwa na yeye mwenyewe namna ya kuwasha mashine. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa akiomba ruhusa ya likizo kutoka kwa waliokuwa wanafunzi wake. Yeye, nilipomuuliza siku moja mkahawani kama hajuti, aliniambia niangalie tambi zangu zinapoa.

Tangu hapo tumewapitishia umeme wagonjwa mia nne na kumi na wawili wenye betri. Saba kati yao, betri zao zilikutwa zimebadilika baada ya umeme, zikarekebishwa kabla mtu hajashuka kitandani. Walikwenda nyumbani bila kujua. Bi. Sonobe aliwaandika kwenye daftari lake. Jedwali la ofisi lina safu moja tu, ya waliofariki, na safu hiyo inasoma sifuri.

Kwa sifuri hiyo ndiyo wanafuta kanuni. Kikao kilikuwa Februari, ghorofa ya tano, nami nilikuwepo. Naibu mkurugenzi wetu, Daktari Tadokoro, alieleza kwa upole, maana ni mtu mpole, kwamba kila mgonjwa mwenye betri hutuchukulia dakika ishirini na tano zaidi, kwamba tafiti zinaonyesha madhara ni nadra, na kwamba kupimwa kliniki ndani ya mwezi mmoja kunatosha.

"Miaka kumi na tisa, Bi. Sonobe, na halijatokea tukio hata moja," alisema. "Betri za siku hizi zinahimili."

"Betri zinahimili, Daktari," alijibu Bi. Sonobe. "Sisi ndio tuko vilevile."

Kisha aliomba aajiriwe tena kwa mkataba wa miaka miwili, kama wanavyofanyiwa wastaafu wengine, ili amfundishe mtu wa kushika nafasi yake. Wakampa mkataba wa stoo, kukagua pampu za dripu. Fundi aliyemrudishia mtu moyo wake kwa mikono miwili kwa wakati mmoja, mnampeleka stoo. Alikataa kwa barua nzuri yenye mwandiko safi, akawashukuru. Mimi nisingewashukuru.

Nimesema nini mpaka sasa? Nimesema daktari mmoja kijana. Nimesema muuguzi huliingiza bamba. Nimepiga chenga, kama nilivyopiga miaka kumi na tisa.

Muuguzi yule nilikuwa mimi. Nilikuwa mwaka wa pili kazini. Mkono ulioingia chini ya taulo la Mzee Hamatani ni huu ninaoandikia. Na nilihisi. Kulikuwa na kitu kigumu chini ya bamba, cha mviringo, kinateleza kidogo chini ya kidole. Mzee alikuwa mwembamba, nikajiambia ni mfupa. Wenzangu walikuwa wanatamka kushoto, nami nikatamka nao, kiganja changu kikiwa juu ya ile betri. Baadaye nilimfuata Bi. Sonobe koridoni nikilia, nikitaka jina langu liandikwe. Akaniambia, "Ulibandika nilipotamka. Nenda kaangalie dripu yake." Nikaenda. Hiyo ndiyo aibu yangu: niliambiwa niende, nikaenda, na kila mwaka uliopita nikaona kwamba limeshapoa. Kwa hiyo hasira yote hii mliyoisoma, msidhani ni ya ofisi peke yake. Nusu yake ni yangu, na nimeibeba mpaka nimechoka nayo.

Kabla ya kupeleka ukurasa huu kwa mhariri niliupeleka ghorofa ya tano. Nilitaka Daktari Tadokoro ausome kwanza, anifukuze au anikemee kabla haujachapwa. Aliusoma amesimama, akaurudia mara ya pili amekaa. Nilisubiri aufute nusu. Alichukua kalamu nyekundu, akakata maneno mawili mahali pamoja na kuandika mengine juu yake. Nimeombwa nichape kama alivyosahihisha, nami nachapa hapa chini sentensi yenyewe.

"Daktari Tadokoro akabonyeza."

Ndiye pia aliyeuliza habari ya treni. Sikumshukuru. Jina umelitoa, Daktari, nami langu nimelitoa, tena tumechelewa wote wawili kwa miaka ambayo mwenzetu hatarudishiwa. Lakini karatasi bado iko mlangoni kwetu. Chumba kiko ghorofa ya pili na lifti inafanya kazi. Shuka uibandue kwa mkono wako.

Usiposhuka, haya, sikiliza. Mzee Hamatani sasa ana miaka themanini na mitatu. Kila mwisho wa vuli bado anatuletea matunda ya kaki, yale matamu ya rangi ya chungwa, aliyoyakausha mwenyewe upenuni. Zawadi haziruhusiwi hapa, kwa hiyo huyasahau kwenye benchi la mapokezi kwa makusudi, na Bi. Sonobe humwandikia kadi ya kumkemea. Moyo wake umeanza kutetemeka tena mwezi huu. Betri yake imekwisha kubadilishwa mara mbili, na iko palepale. Yupo kwenye orodha ya tarehe 8 Aprili, saa nne asubuhi, wa nne kwa zamu, na kwa karatasi ile ya mlangoni hakuna fundi atakayekuwepo chumbani. Mimi nitakuwepo. Pakiti ya mabamba hufunguliwa na muuguzi, hilo hamjalifuta, na siku hiyo muuguzi ni mimi. Haitafunguliwa mpaka mzee aonyeshe kwa kidole chake, niguse kwa changu, na fundi yeyote mtakayemtoa popote asimame hapo na mashine ya kusomea. Dakika ishirini na tano. Mkinifukuza, mtalazimika kuandika sababu kwenye barua, na ningependa sana kuisoma.

Bi. Sonobe, najua utausoma ukurasa huu ukiwa umesimama, kisha utasema nimeandika mrefu mno. Umetuokoa wengi na ukatuachia sifa. Asante kwa mikono yako, asante kwa kunitoa koridoni siku ile, na nisamehe kwa kukubali kutoka. Nenda ukapande ile treni ya pwani, ukae kiti cha nyuma ya dereva, na kwa mara moja mwachie yeye aangalie taa. Tunakuombea siku ndefu, zenye afya na usingizi mzuri, na tambi zisizo na kamba.

Ya kwetu yasikusumbue. Nimenyoosha kidole kama ulivyonifundisha, natamka mbele ya hospitali nzima: Hamatani Isokichi, tarehe nane, saa nne. Betri iko kulia. Na safari hii nitamuuliza.